Kuandika Ubwege Bila Kuandika Upuuzi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Waandishi chipukizi huniletea hadithi fupi na tamthilia wakisema wameandika ubwege. Nyingi huanguka mahali palepale. Mhusika anaamka na kujikuta kiti, saa ya ukutani inaanza kuhutubia, mvua inanyesha kutoka sakafuni, kisha hadithi inakoma. Nikiuliza kwa nini mvua ilitoka sakafuni, jibu huwa moja: "Huu ni ubwege, hauulizwi kwa nini."

Jibu hilo ndilo linaloua kazi zao. Ubwege huulizwa kwa nini kuliko aina nyingine yoyote ya uandishi, na mwongozo huu nimeupanga kulizunguka swali hilo.

Neno lenyewe kwanza

Mitaani, bwege ni mtu wa kudanganyika upesi, na ubwege ni hali yake. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili walipolichukua neno hilo walilitwika mzigo mwingine. Anayeanza kuandika akiwa na maana ya mitaani kichwani huishia kuumba wahusika wapumbavu, na hadithi inakuwa ya kucheka wajinga.

Katika fasihi, ubwege ni pengo. Upande mmoja yupo mtu anayedai maana, utaratibu na jibu. Upande wa pili upo ulimwengu usiojibu. Albert Camus, mwandishi na mwanafalsafa wa Ufaransa, katika insha yake ya mwaka 1942, alisisitiza kwamba ubwege haukai ndani ya mtu peke yake wala ndani ya ulimwengu peke yake. Huzaliwa pale wanapokutana. Maana yake kwa mwandishi ni hii: ukimwondoa mtu anayeuliza, umeondoa ubwege wote, hata uwe na mvua za sakafuni mia.

Kuna jambo jingine linalosaidia. Neno la Kilatini absurdus, lililozaa istilahi hii katika lugha nyingi za Ulaya, lilitumika pia kwa sauti isiyopatana na muziki. Sauti moja iliyopotoka hukera sikio kwa sababu nyingine zote zimenyooka. Zikipotoka zote, hakuna anayesikia kosa. Kinachosikika ni kelele. Kila hatua ninayoeleza hapa inalinda sauti zilizonyooka ili ile moja isikike.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kazi moja ya kawaida unayoijua hadi ndani: kuhesabu, kusubiri, kujaza fomu, kufunga mlango, kupokea zamu.
- Daftari, au faili moja la kompyuta, la kuandikia kanuni na mnyororo wa sababu. Usivichanganye na muswada wenyewe.
- Lengo la kurasa 4 hadi 6. Riwaya ya ubwege ni safari ya mwandishi aliyekwisha kuanguka mara nyingi kwenye kurasa chache.
- Msomaji mmoja ambaye hajui unaandika nini na hataona haya kusema amechoka.
- Kazi mbili za kusoma kabla: tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, Amezidi (1995), na riwaya fupi ya Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990). Isome ya kwanza kwa sauti. Wahusika wakuu ni Ame na Zidi, na jina la tamthilia ni majina yao mawili yakiwa yameshikana. Ubwege wa kazi nzima umeanza kazi kwenye jalada.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni huu. Karani mmoja ana kazi ya kuhesabu vidato vya ngazi kila alfajiri na kuandika idadi kwenye daftari. Miaka yote idadi ni 42. Leo amehesabu 41.

Hatua ya 1: Tenganisha ubwege na jirani zake

Usiruke hatua hii hata kama unajiona unaijua. Wengi wanaokwama katika hatua ya 4 walikosea hapa.

Chukua tukio la vidato na uliandike kwa sentensi mbili katika kila mtindo ufuatao.

Katika kichekesho, karani amehesabu vibaya kwa sababu ana usingizi, na mkubwa wake naye anahesabu vibaya zaidi. Tunacheka, kosa linarekebishwa, tunakwenda nyumbani.

Katika tashtiti, kidato kimeibwa na mkubwa wa ofisi, na hadithi inatuonyesha ulafi wake. Tashtiti ina mtu au mfumo inaoulenga na inaamini kwamba mambo yangeweza kunyooshwa.

Katika fantasia, kidato kilikuwa na mbawa na kimerudi kwenye nchi ya ngazi. Ulimwengu una sheria zake mpya, nazo zinajibu maswali yote. Uhalisia wa kimazingaombwe uko karibu na hapo: kidato kinaondoka usiku, wakazi wanakubali kama wanavyokubali mvua, na jambo lenyewe lina uzuri wa siri.

Katika ubwege, hakuna anayejua kidato kimekwenda wapi, hakuna anayekitafuta, na bado karani anatakiwa akitolee maelezo. Anatoa maelezo. Maelezo yake ni mazuri. Hayasaidii.

Onyo: ubwege hukopa kutoka kwa jirani hawa wote, hasa kichekesho. Kukopa si kosa. Kosa ni kuhama nyumba katikati ya hadithi, ukaanza na swali lisilo na jibu kisha ukurasa wa tano ukamfichua mwizi.

Utajua umefaulu ukiweza kusema tofauti ya sentensi zako bila kutumia maneno "ajabu" wala "kichaa".

Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja wa uhalisia mtupu

Kabla ya kuvunja chochote, andika asubuhi moja ya karani ambayo vidato ni 42. Kalamu gani anatumia, anaanzia kuhesabu juu au chini, anafanya nini akikatizwa na mtu anayepanda, safu ya daftari inaitwaje.

Ukurasa huu huenda usibaki kwenye muswada, lakini bila huo huna muziki ulionyooka wa kuupotosha. Ukiwa mvivu hapa, msomaji hataamini ngazi, na asiyeamini ngazi hawezi kuumia kwa kidato.

Hatua ya 3: Vunja kiungo kimoja, na kimoja tu

Andika kanuni iliyopotoka kwa sentensi moja kwenye daftari lako. Ya kwangu ni hii: *Daftari likipingana na ngazi, ngazi ndiyo imekosea.*

Angalia jinsi ilivyo ndogo. Haina mnyama anayesema, wala mtu aliyegeuka kitu. Ni kanuni ambayo mtu mzima mwenye akili timamu angeweza kuitetea mezani, tena kwa hoja: daftari limetunzwa miaka mingi, limesainiwa, limekaguliwa, na ngazi hukanyagwa na kila mtu.

Kanuni nzuri ina sifa hiyo ya kuteteeka. Ikiwa hakuna mhusika anayeweza kuitetea kwa uso mkavu, hujapata kanuni, umepata kituko.

Onyo kubwa la hatua hii ni tamaa. Ukiona kanuni moja inafanya kazi, mkono utawasha kuongeza ya pili: labda na saa nayo irudi nyuma, labda na mkubwa wa ofisi asiwe na kichwa. Kataa. Kanuni ya pili humpa msomaji ruhusa ya kuacha kufikiri; akiona lolote laweza kutokea, hana sababu ya kuogopa kitakachotokea.

Hatua ya 4: Acha mantiki itembee hadi iumize

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko penginepo. Chukua kanuni yako na uifuate kwa uaminifu kama fundi wa hesabu. Wanaojua hoja za kimantiki wanaifahamu njia ya kulipinga dai kwa kulifuata hadi lifike kwenye matokeo yasiyokubalika. Wewe utaifuata njia hiyohiyo, ila utakapofika kwenye matokeo yasiyokubalika hutalitupa dai. Utamwacha mtu aishi humo.

Mnyororo wangu ulikuwa hivi:

1. Daftari linasema 42, leo vimehesabiwa 41. Kwa hiyo kidato kimoja kimeondoka.
2. Kidato hakina miguu. Kwa hiyo kimechukuliwa.
3. Alfajiri kwenye ngazi huwa yupo karani peke yake. Kwa hiyo amekichukua yeye.
4. Karani ni mwaminifu, na rekodi yake inathibitisha; kwa hiyo alikichukua bila kujua.
5. Asiyejua alichochukua hawezi kujua alipokiweka. Kwa hiyo asisumbuliwe kukitafuta, alete kingine.
6. Nyumbani kwake kuna ngazi ya vidato 12. Anang'oa kimoja, anakileta, kinapachikwa. Anahesabu: 42. Anapongezwa.
7. Usiku mtoto wake, ambaye hupanda kwenda kulala akihesabu kwa sauti, anafika 11 na kusimama.

Soma tena kila "kwa hiyo". Hakuna hata mmoja unaoruka. Namba 4 inamtendea karani kwa heshima, na namba 5 ni ya huruma kabisa. Ukatili wa mnyororo huu unatokana na kwamba kila mtu ndani yake ana busara na adabu.

Pima mnyororo wako kwa kubadilisha kila "kwa hiyo" kuwa "halafu". Sentensi zikisomeka sawasawa, huna mnyororo, una orodha ya matukio. Rudi uzifunge. Kwa uzoefu wangu, muswada uliokufa huwa na "halafu" tatu au zaidi zilizojificha, na mara nyingi ya kwanza iko karibu sana na mwanzo.

Usimweke mhusika mwovu kwenye mnyororo. Akitokea mtu anayefurahia mateso ya karani, msomaji atamchukia huyo na kupumua. Amepata jibu: tatizo ni yule. Ubwege unataka msomaji atafute wa kumlaumu asimpate.

Hatua ya 5: Mpe mhusika haja ya kweli, mnyime mshangao

Karani anataka nini? Ukisema "anataka kujua ukweli" umetaka kitu kikubwa mno na chepesi mno. Mpe kitu cha mkononi. Wangu anataka kusaini daftari kabla ya saa mbili, kama alivyosaini siku zote, ili awahi kumpeleka mtoto.

Kisha mnyime mshangao, au mpe kidogo sana. Katika hadithi ya Franz Kafka iliyochapishwa mwaka 1915, Gregor Samsa anaamka akiwa mdudu, na wasiwasi wake mkubwa asubuhi hiyo ni kwamba amechelewa treni na kazi. Kafka haelezi mageuko yalitokana na nini, na hakuna msomaji anayeona amedhulumiwa, kwa sababu wasiwasi wa kuchelewa kazini tunaujua sote. Ukiwa na haja inayoaminika, jambo lisiloaminika hubebwa nayo.

Mhusika anayepiga kelele "Haiwezekani!" kila ukurasa anafanya kazi ya msomaji. Mwachie msomaji kazi yake.

Karani asiwe bwege wa mitaani, ahojiane na wakubwa zake, tena kwa akili. Apate hoja ambazo wewe mwenyewe ungezitoa, na zijibiwe kwa adabu. Akiwa mjinga, msomaji atamwonea huruma kutoka mbali. Akiwa mwerevu, msomaji yumo chumbani pamoja naye, hana pa kutokea.

Hatua ya 6: Tumia mitego iliyomo ndani ya Kiswahili

Hatua hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Wengi huandika ubwege kwa Kiswahili kana kwamba wanatafsiri, wakati lugha yetu ina zana zake tayari.

*Kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji.* "Imeamuliwa kidato kirejeshwe." Sarufi imekamilika, na aliyeamua hayupo popote. Karani akiuliza, "Imeamuliwa na nani?" anajibiwa, "Ilishaamuliwa." Wakati umebadilika, mtendaji bado hayupo. Mazungumzo mawili ya namna hii yanatosha. Ukizidisha inakuwa mzaha.

*Kiambishi hu-.* Hu- haina tarehe. "Nimehesabu 41," anasema karani. "Lakini huwa 42," anajibiwa. Jambo la leo haliwezi kulishinda neno lisilo na leo. Sijui zana nyingine ndogo kiasi hicho yenye nguvu kiasi hicho.

*Salamu.* Habari za asubuhi, nzuri. Za nyumbani, salama. Watoto hawajambo, hawajambo. Zana hii hufanya kazi jambo zito likiwa linasubiri nyuma yake. Mwache karani aingie na kidato mabegani, asalimiwe kikamilifu, ajibu kikamilifu, huku mabega yanamuuma. Usiziharibu salamu kwa kuzipotosha. Ziache ziwe njema.

*Methali sahihi mahali pabaya.* Karani anapoleta kidato chake kimoja, mkubwa wake anamwambia kwa upole, "Haba na haba hujaza kibaba." Methali ni ya kweli na imesemwa kwa nia njema. Karani anasikia kwamba vingine vitatakiwa. Tafuta methali ambayo ikifariji midomoni inatisha masikioni. Ikichekesha tu, iache.

*Ngeli.* Unaweza kumhamisha mtu kutoka ngeli ya A-WA hadi KI-VI, pale mpokea vifaa anapomtazama karani aliyebeba kidato na kuuliza, "Kimefika saa ngapi?" Je, ameuliza juu ya kidato au juu ya aliyekibeba? Ukiacha utata huo hai, umefaulu. Angalizo: ki- ikitumika kwa mtu hubeba dharau, kama katika kijitu, na msomaji ataisikia kama tusi usipomwandalia. Itumie mara moja, kuelekea mwisho.

*Takriri inayopungua.* Tukio la kuhesabu lirudi angalau mara tatu, na kila linaporudi lipoteze kitu: mara ya kwanza sentensi kumi, mara ya pili sita, mara ya tatu namba peke yake. Takriri isiyobadilika humchosha msomaji. Inayopungua humwonyesha mtu anayekwisha.

Kuna pia mazungumzo ya kuelezana yaliyo wazi. Eugène Ionesco alipata tamthilia yake ya kwanza, iliyochezwa mwaka 1950, kutokana na kitabu cha kujifunzia Kiingereza, ambamo watu huambiana mambo wanayoyajua wote. Jaribu ukurasa mmoja wa namna hiyo. Ukiona wahusika hawamjibu mwenzao ila wanajaza kimya, uweke. Vinginevyo ufute.

Hatua ya 7: Maliza bila kufungua

Miisho mitatu huua ubwege, na yote mitatu hunifikia mara kwa mara.

Wa kwanza ni ndoto: karani anaamka, vidato viko 42. Umemwambia msomaji kwamba hofu yake haikuwa na thamani. Wa pili ni ufafanuzi, pale mhusika mwenye busara anapoeleza kwamba kidato ni matumaini ya binadamu. Wa tatu ni mlipuko: ngazi inaanguka, wote wanakufa. Kifo ni jibu, na wewe uliahidi kutojibu.

Mwisho wa ubwege hurudi kwenye kitendo cha kawaida, safari hii kikiwa na uzito wote uliokusanywa. Katika tamthilia ya Samuel Beckett iliyochezwa Paris mara ya kwanza Januari 1953, kila moja ya sehemu zake mbili inamalizika kwa watu wawili kukubaliana waondoke, kisha hawaondoki. Hakuna kilichofunguliwa, na hakuna cha kuongeza.

Kwa karani wetu, ninasimama kwenye namba 7 ya mnyororo. Mtoto amefika 11. Baba yuko chini ya ngazi gizani, amechoka, anampenda mwanawe. Anasema kwa upole: "Huwa 12. Hesabu tena."

Ile hu- imemhamia. Hakuna aliyemlazimisha. Ndiyo maana hatua ya 5 ilimtaka awe mwerevu na hatua ya 4 ikakataza mwovu: tulikuwa tunamwandaa kwa sentensi hii.

Kwa mwisho wako, andika miisho mitatu mifupi, kila mmoja usizidi sentensi nne. Futa wowote unaotumia neno ambalo halijaonekana kwenye hadithi. Unaobaki ndio.

Hatua ya 8: Mpime msomaji, usimwulize kama amependa

Mpe msomaji wako muswada bila kumwambia kwamba ni ubwege. Lebo hiyo itamfanya asamehe asichopaswa kusamehe. Kaa karibu, na uangalie anacheka wapi na anaacha kucheka wapi. Kicheko kikiendelea hadi ukurasa wa mwisho, umeandika kichekesho. Kaza mnyororo wa hatua ya 4. Asipocheka kabisa, lugha yako imekuwa nzito mapema mno. Regesha adabu na salamu kwenye kurasa za kwanza.

Kisha msikilize anauliza nini. Akiuliza, "Kwani kidato kilikwenda wapi?" bado anasoma fumbo la wizi, na haja ya mhusika haijamshika, rudi hatua ya 5. Akisema, "Sikuelewa kitu," una kanuni zaidi ya moja; rudi hatua ya 3. Akinyamaza kidogo, halafu akauliza kama mtoto alihesabu tena, na alipata ngapi, usimjibu. Chukua muswada wako, sahihisha tahajia, uupeleke.